Alikuja Kiamunyi Akitafuta Kitambaa Changu

Mwanaume nisiyemjua alisimama kwa geti yangu hapa Kiamunyi, akanionyesha simu yake, na ndani ya simu kulikuwa na kitambaa changu.

Si kinachofanana na changu. Changu.

Nilikishona mwenyewe na kroshia, tausi amefungua mkia. Uzi mweupe uliniishia nikiwa kwa bawa la kushoto, nikamalizia na wa buluu. Hakuna tausi mwingine ako hivyo.

"Mathe, hii ni yako?"

"Ni yangu," nikasema, nikifuta mikono kwa leso. "Unataka za viti tu ama seti nzima na ya meza?"

Nilidhani ni kastoma. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria uzi nitanunua wapi.

Hakucheka. Aliangalia nyuma yangu, kwa kamba ya nguo, mahali tausi mwenyewe alikuwa ameanikwa anadondosha maji.

"Mimi naitwa Kinyanjui, nimetoka Nairobi. Sikuja kwa kitambaa. Nimekuja kwa kile kilikuwa kimelala juu ya kitambaa."

Ninyi wenye watoto wanafanya kazi ya online, mkiwaona kwa simu mnafurahi, kaeni chini msome hii. Shule yangu iliishia darasa la saba, lakini uso wa mtoto wangu nilidhani najua kuusoma.

Bwanangu, marehemu Ogada, aliniacha na vitu viwili: kijana wetu Owino, na gitaa.

Gitaa ilikuwa ya babake Ogada, aliyekuwa fundi wa reli hapa Nakuru. Mzungu mmoja wa reli alimwachia akirudi kwao. Si gitaa ya kukumbatia kama zile za kanisani. Hii unailaza mapajani kama sinia ya mchele unaochambua. Mkono mmoja unateleza juu ya nyuzi na kipande cha chuma, mwingine unadonoa. Unaichomeka kwa stima, inalia kama mtu anayeita mwenzake kutoka ng'ambo ya ziwa.

Jumapili jioni majirani walikuwa wanakuja na viti vyao. Hakuna aliyewaita.

Alipokuwa mgonjwa, Ogada aliniambia, "Nanyama, hii usiuze kwa sababu ya njaa. Njaa hupita. Ukiuza, iwe ni kuokoa mtoto."

Tangu tumzike kwao Siaya sikuichomeka tena. Ilikaa ndani ya sanduku lake, chini ya kitanda. Kila Jumamosi napanguza sanduku. Sifungui. Nikifungua nalia, nikilia presha inapanda.

Owino alimaliza chuo akakaa nyumbani mpaka kiti cha sitting room kikashika umbo lake. Halafu siku moja akaamka amechangamka.

"Mathe, kuna mnada online. Wasee wa majuu, huko kwa Wazungu, wananunua hizi gitaa za zamani za kulaza mapajani kama wameshikwa na wazimu."

"Ya babako haiuzwi."

"Nani ametaja ya mzee? Nitatafuta zingine."

Na kweli alitafuta. Alienda Molo, akaenda Kuresoi, akazunguka mashamba ya kule Elmenteita akiuliza wazee ni nani alirithi vitu vya walowezi. Alipata mbili. Moja ilikuwa inazuia mlango wa stoo ya viazi. Mwenyewe alishangaa mtu anataka kuinunua, akamwongezea na viazi.

Hizo mbili zilikuwa halali. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, hata kama hainisaidii sasa.

Jioni alikuwa ananifundisha kazi yake. Mimi napika, yeye amelaza gitaa juu ya meza, juu ya tausi wangu, ndio picha itoke safi.

"Sura inadanganya, mathe. Rangi mtu anapaka. Mwaka uko ndani."

Anafungua skrubu, anageuza kile kidude cha kuongeza sauti. Mgongoni kuna nambari zimepigwa, ndogo kama mayai ya chawa. Anazisoma kwa tochi ya simu. Zinasema kiwanda, zinasema mwaka, zinasema mpaka wiki. Halafu anaangalia sumaku iliyopinda juu ya nyuzi kama daraja, na waya, na hata skrubu zenyewe.

"Kama vitu vya ndani ni vyake tangu azaliwe, hiyo ni bei ya ng'ombe wawili wa gredi. Ukibadilisha kimoja tu, bei inaanguka kama viazi za Kuresoi barabara ikikatika."

Nilijivunia. Mbona nisijivunie? Mtoto wangu alikuwa anasoma umri wa chuma.

Jirani yangu Kadija, ambaye nyanya zake walitoka Mombasa lakini yeye ni wa hapa hapa, aliniuliza kwa ua, "Mama Owino, hizo gitaa Wazungu waliacha ni ngapi? Ama zinazaana?"

"Kadija, wivu itakumaliza."

"Nimeuliza tu, jirani. Hata sungura hupumzika."

Nikaingia ndani nikafunga mlango kwa nguvu kidogo.

Halafu ukaja ule unga mweupe. Owino aliutoa Kariandusi, kule wanachimba mawe meupe laini, akajaza mkebe wa mafuta ya Kimbo. Nikamkuta nyuma ya nyumba na mbao mpya amekata umbo la gitaa. Anapaka chai ya rangi, anasugua pembeni na ule unga mpaka vanishi inachoka.

"Sasa hapo unasafisha ama unachafua?"

"Naipea umri, mathe. Wateja wanapenda mikunjo."

"Mimi niko na mikunjo na hakuna mtu ananinunua."

Tulicheka. Naandika hii na bado nasikia vile tulicheka.

Sasa rudi kwa geti.

Nilimkaribisha Kinyanjui, nikamwekea chai, kwa sababu mgeni ni mgeni hata akija na ubaya. Nikamwita Owino. Alipotoka chumbani akaona huyo mtu, miguu yake ilisimama kabla yeye mwenyewe hajaamua.

"Niaje, Owino," Kinyanjui akasema. "Kwa simu ulikuwa unaniahidi mengi."

Owino akavuta kiti akakaa. Huyo mgeni akanigeukia mimi, akanieleza pole pole kama mwalimu. Alikuwa ametumwa na mzee mmoja wa ng'ambo aliyenunua gitaa kwa Owino kwenye mnada.

"Aliifungua. Kile kidude cha ndani ni cha zamani kweli, nambari ni safi, hata yeye alishangaa. Lakini mbao ni ya juzi. Harufu ya vanishi haijatoka. Akaweka picha kwa kikundi chao cha wanunuzi. Wengine wawili wakasema, hata sisi tuko na huyo tausi."

Watu watatu, nchi tatu, gitaa tatu, bawa moja la buluu.

"Pesa iko wapi?" nikamuuliza Owino.

"Ilienda."

"Ilienda wapi?"

"Mechi, mathe. Nilibeti."

Kinyanjui akaweka kikombe chini. "Mzee wangu hataki korti. Anataka gitaa ya ukweli, ile alilipia. Akiipata leo, mimi narudi Nairobi na hii maneno inaisha. Akikosa, kuna askari wawili kwa gari hapo nje. Sijawaambia waingie."

Nilichungulia dirishani. Walikuwepo, wanakula mahindi ya kuchoma.

Nikakumbuka maneno ya Ogada. Sikuhitaji kufikiria. Nikasimama.

"Mathe, wacha," Owino akasema.

"Nyamaza."

"Mathe, tafadhali. Si hiyo."

Akanishika mkono. Nikajua ni uchungu wa babake. Nikajiambia, kumbe huyu mtoto bado ako na moyo. Nilimpenda sana hiyo dakika.

Nilivuta sanduku kutoka chini ya kitanda, nikalileta, nikaliweka mbele ya Kinyanjui. Nikafungua mwenyewe. Harufu ya Ogada ilitoka, tumbaku na mafuta ya nywele. Nilijizuia.

Kinyanjui alipitisha kidole pale mkono wa bwanangu ulikuwa unakaa, pale rangi iliisha kwa miaka ya kupigwa.

"Huu uchakavu ni mzuri sana," akasema.

Akatoa bisibisi. Akafungua.

Ndani kulikuwa na waya nyekundu, mpya, inang'aa. Vidude vya sauti vilikuwa vya plastiki, vile vya duka la fundi wa redio. Hakuna nambari. Ile sumaku aliigonga na ukucha ikatoka na gundi yake.

Akaweka bisibisi chini.

"Mathe," akasema, "kumbe hata wewe uko ndani."

"Hii ni ya bwanangu! Uliza mtaa wote. Muulize Kadija hapo."

"Mnunuzi hanunui mashahidi. Ananunua kilicho ndani. Na hii mmeizeesha vizuri kuliko zingine zote."

"Owino, mwambie."

Owino alikuwa ameinamia magoti yake.

"Owino."

"Nilivitoa kimoja kimoja, mathe." Hakuinua kichwa. "Kila gitaa ilihitaji kitu kimoja cha kweli ndani, ndio ipite. Sikuwa na mahali pengine pa kutoa."

Kinyanjui alitikisa kichwa. Alikuwa ameshadanganywa vizuri sana na huyu kijana, hakuwa na nafasi ya kuamini tena. "Hiyo pia ni hadithi tamu," akasema, akaenda mlangoni akawapungia mkono wale askari.

Kumbe mtoto alikuwa ameniangalia nikiinama kitandani, nikivuta, nikipanguza vumbi, na alijua ndani ya sanduku gitaa imebaki ganda tupu. Alisema "si hiyo." Hakusema kwa nini.

Owino ako rumande. Mimi niliachiliwa kwa dhamana, nimeandikwa mshtakiwa wa pili. Kwa korti wanasema mama ndiye alikuwa anatayarisha kitambaa.

Tausi walimbeba kama kielelezo. Gitaa pia waliibeba. Imefungwa karatasi kwa shingo, na juu yake mtu ameandika neno moja kwa kalamu nyekundu: feki. Ile moja tu ya ukweli katika zote za hiyo kesi.

Kadija aliniletea chapati jioni hiyo. Hakusema kitu juu ya sungura. Alikaa tu.

Sanduku hawakulitaka. Jumamosi bado nalipanguza.

Mzazi mwenzangu, mtoto akikuambia anauza vitu vya zamani, usifurahie mahali anauza. Muulize anatoa wapi. Na ukimwona anakipea kitu kipya umri, hata akikuchekesha, wewe usingoje jibu. Inama uangalie chini ya kitanda chako. Mimi nilikuwa napanguza nje tu.