Nilisomea supply chain uzeeni, nikagundua mahindi niliyokuwa nakataa getini tulikuwa tunayanunua tena

Wakuu, salamu kwenu, mlio kazini na mlioketi mkijifanya mko kazini.

Nimeona watu hapa wakibishana kama course ya supply chain ina maana ama ni ya kumaliza pesa ya wazazi. Mimi niliisoma nikiwa na miaka hamsini na nane, na shule niliachia darasa la nne. Nitasema vile ilikuwa. Sina sababu ya kuongeza chumvi, kwa maana aibu yote iliyo hapa ndani ni yangu.

Mwaka ni 2007. Nilikuwa storekeeper kwa kinu cha unga Nakuru, upande wa Bondeni. Mwenyewe alikuwa mzee Harbans, mtu wa kilemba na maneno machache.

Kazi yangu ilikuwa getini. Lori la mahindi likifika napanda juu na bambo, kale kachuma ka kutoboa gunia. Natoa punje, nauma. Ikilia "ka", lori liingie. Ikinyamaza, hayo bado yana maji, rudi nayo.

Gunia nililokataa nalipiga X ya rangi nyekundu, ndio dereva asizunguke aje na geti ya nyuma. Nilifanya hivyo miaka kumi na tisa. Hata jina nililopewa na baba yangu lilipotea, nikawa Mzee Bambo. Meno yangu yalikuwa yote, isipokuwa moja, na hilo lilitolewa na ng'ombe, si mahindi. Ng'ombe mwenyewe alikuwa wa kuazima. Tuendelee.

Mwaka huo binti wa mzee, Simran, akarudi kutoka masomo ya ng'ambo akawa manager. Mtoto wa heshima, nilimjua akiwa na meno ya maziwa. Akatuita wasimamizi wote, akasema kufikia mwisho wa mwaka kila mmoja awe na certificate. Company italipa.

Nikauliza, "Na asiye nayo, Simran?"

"Asiye nayo, mzee, tutamfanyia sherehe ya kustaafu."

Sikutaka sherehe. Nilikuwa na robo ekari na watoto wawili bado wako shule.

Class ilikuwa Jumamosi, ghorofani juu ya duka la dawa. Course iliitwa Global Supply Chain Management and Business Strategy. Jina peke yake lilichukua mistari miwili kwa daftari yangu.

Mwalimu alikuwa kijana mmoja, Barasa. Akatuonyesha picha ya suruali ya jeans. Pamba imetoka nchi hii, zipu nchi ile, inashonwa kwingine, inazunguka dunia yote ndio ifikie makalio ya mtu. Nikauliza kama haingekuwa rahisi huyo mtu aifuate suruali. Barasa aliandika swali langu ubaoni. Liliketi hapo hadi tukaenda nyumbani.

Siku nyingine akasema strategy ni kuamua utakataa nini. Hapo nilikaa vizuri kwa kiti. Kukataa ndio ilikuwa kazi yangu. Nikaangalia wale vijana wa tai niliokuwa nasoma nao nikawahurumia, wao walikuwa wanaanza tu.

Sasa assignment. Chagua kitu kimoja cha kazini kwako, ukifuate nyuma kwa miguu yako, hadi kwa supplier wa supplier. Halafu uje ueleze class yote, na mwajiri wako anaalikwa. Bila hiyo hakuna certificate.

Nikachagua mahindi ya Kamotho, broker wetu bora. Miaka sita sikuwahi kumkatalia hata gunia moja. Makavu, safi, yanalia mpaka unaogopa meno. Alikuwa anasema anayatoa Kitale. Mtu mzuri, mchana wote anaketi kwa kibanda cha chai kinachotazama geti yetu, kiti chake hakikaliwi na mwingine. Nilidhani anapenda ile chai.

Nikamuuliza dereva wake, Kitale wanapakia sehemu gani.

"Kitale gani, mzee? Sisi hupakia Gilgil."

Wakuu, Gilgil ina wanajeshi, upepo na vumbi. Mahindi ya kujaza lori sijui yangetoka wapi. Basi nikaenda. Nikapita Kikopey, pale pa nyama choma, bila kushuka, na mnajua hiyo si kazi rahisi.

Kando ya barabara nikakuta maturubai yamepangwa, mahindi juu yake, na wamama wanayageuza kwa miguu. Mkubwa wao alikuwa anaitwa Mama Shiru.

"Karibu mzee. Unanunua ama umepotea?"

"Nauliza tu haya mahindi yametoka wapi."

"Nakuru."

"Nakuru kwa nani?"

"Kuna kinu huko Bondeni. Kuna mzee getini mkali kama pilipili. Akikataa lori, Kamotho ananunua mzigo hapo hapo nje kwa bei ya huruma. Mkulima atafanya nini, na lori ni la kukodi? Kamotho analeta hapa, tunaanika siku nne tano, anarudisha."

"Anarudisha wapi?"

"Si kwa huyo huyo mzee!"

Wenzake wakacheka. Yeye alikuwa anageuza gunia, nje inakuwa ndani. Nikaona X yangu nyekundu ikiingia.

Nikauliza huyo mzee wanamwonaje.

"Tunamwombea kila Jumapili," akasema. "Akistaafu tutakula nini?"

Nikasema asante, nikaenda kusimama barabarani kungoja gari. Sikutaja jina.

Nyumbani nikamwambia mke wangu. Nikiandika ukweli, Simran ataona company imelipa bei ya juu miaka sita kwa mahindi yale yale yaliyoletwa getini kwake, na aliyekuwa anayafukuza ni mimi. Nisipoandika, hakuna certificate. Njia zote mbili kazi inaenda.

"Baba Njoki, andika Kitale," akasema. "Nani ataenda Kitale kuangalia?"

Nikaandika Kitale. Mwandiko ulitoka mzuri hata.

Jumatatu akaja mkulima kutoka Molo, mzee rika yangu. Nikauma punje yake. Ikanyamaza. Nikapiga X, kwa sababu hiyo ndiyo kazi. Akavua kofia akaanza kunisihi, na nyuma ya bega lake nikaona Kamotho akiinuka pole pole kutoka kwa kiti, akimalizia chai.

Jioni nilifuta Kitale. Msiniite mtakatifu. Nilishindwa tu kula.

Siku yenyewe Simran aliketi mbele. Nikachora ubaoni: mkulima, geti yetu, Kamotho, Gilgil, Kamotho tena, geti yetu. Mshale ukarudi ulikotoka. Barasa akavua miwani.

Kijana mmoja wa tai akauliza, "Mzee, na bottleneck, pale mzigo unapokwama, iko wapi hapo?"

"Ni mimi."

Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka.

Nikasoma mapendekezo. Tununue yenye maji kwa mkulima kwa bei ya haki. Tuanike wenyewe, uwanja wa nyuma umejaa magari mabovu tu. Tuwachukue wale wamama, kwa sababu mimi kuanika sijui.

"Na storekeeper?" Simran akauliza.

"Hiyo sikuandika. Ukurasa uliisha."

Nilipita. Jumatatu Simran akaniita ofisini, akaniambia geti amempa mtu mwingine na mashine ya kupima unyevu. Nikauliza sherehe ni lini.

"Sherehe gani, mzee? Nenda uwanja wa nyuma. Mama Shiru anaanza leo na anataka watu."

Nikaenda. Mtu akaniita kwa sauti, "Mzee Bambo!" Mama Shiru akageuka, akaniangalia kutoka kofia hadi viatu. Halafu akasema, "Vua viatu."

Ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba hiyo mnazijua, sitazirudia. Barabara zilifungwa, brokers hawakuonekana, vinu vingine vikanyamaza. Sisi tulikuwa na mahindi makavu nyuma ya nyumba. Mama Shiru na wenzake hawangeweza kurudi Gilgil, wakalala store na watoto wao, na Simran mwenyewe ndiye alikuwa anachemsha chai. Tulisaga.

Nilichojifunza ni kwamba miaka hiyo yote nilikuwa nasimama getini nikiangalia lori linaingia, na sikuwahi kuuliza lile nililofukuza limeenda wapi. Supply chain nimeielewa hivyo tu. Wenye degree watanirekebisha.

Na wewe, kazini kwako, umewahi kufuata kitu nyuma hadi mwisho? Ulimkuta nani huko? Andika hapa chini, nasoma polepole lakini nasoma yote.