Komba Aliyezalia Stoo

Usiku ule nilikaa kwenye kigoda nje ya mlango wa stoo yangu mwenyewe, kama mgonjwa anayesubiri kuitwa na daktari. Ndani walikuwemo binti yangu mkubwa, kamera yake, komba mmoja na watoto wake wawili. Mimi mwenye nyumba ndiye niliyekosa nafasi.

Binti yangu hutengeneza filamu za wanyamapori za kuweka mtandaoni. Zamani nilidhani kazi hiyo ni ya watu wenye magari makubwa. Yeye hana hata toroli, kwa hiyo hurekodi waliopo: kenge wa mtaro ulio nyuma ya bucha, nguchiro wa kiwanda cha matofali. Maelezo huyasoma ndani ya kabati langu la nguo, maana anasema nguo humeza mwangwi. Siku moja jirani alikuja kuazima kinu, akasikia kabati likisema kwa sauti nzito, "Dume sasa limechoka, lakini jike halijaridhika." Akaondoka bila kinu. Mpaka leo akikutana na mume wangu hucheka kwanza, ndipo amsalimie.

Basi komba akaja kuzalia kwenye kapu kuukuu juu ya rafu ya stoo. Nilikwenda na fagio. Binti yangu akatanua mikono mlangoni.

"Mama, huyu ndiye ajira yangu."

Kumbe kampuni moja ya filamu za mtandaoni ilikuwa imemwahidi kazi, kwa sharti kwamba filamu hii iwe na mwisho. Komba akihama hubeba watoto kwa mdomo, mmoja mmoja. Walitaka kumwona akimbeba wa mwisho. Bila kipande hicho, walisema, ni picha ya mnyama amelala tu.

Usiku ule binti yangu aliona dalili za komba kuhama. Akajificha nyuma ya shuka humo ndani, akaiunganisha simu yangu na kamera ili nitazame nisimsumbue kwa maswali. Hapo alikosea. Mtu mwenye wasiwasi hapewi dirisha.

Komba alimbeba wa kwanza, akapenya kwenye tundu la dari, akapotea. Wa pili akajikokota mpaka ukingoni mwa kapu, akachungulia, akaanguka. Nikapiga ukelele.

"Mama! Nyamaza!" binti alinong'ona kwenye ufa wa mlango.

"Muokote!"

"Hairuhusiwi. Kazi yetu kutazama, si kusaidia. Nikimgusa filamu imekuwa ya uongo."

"Na ungekuwa wewe umeanguka?"

"Mimi si mnyamapori."

"Hukujiona ulipokuwa mdogo."

Nikaangalia simu tena. Mtoto alikuwa ameangukia tenga la mikate, lile lililofungwa nyuma ya baiskeli ya mume wangu, iliyoegeshwa chini ya rafu. Alikuwa analia kilio chembamba, cha kukata maini.

Mume wangu husambaza mikate kabla watu hawajaamka. Akatokea na kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

"Baiskeli yangu."

"Ina abiria."

"Nani?"

Nikampa simu. Akaitazama, akaisogeza mbali, akaitazama tena.

"Mwambie ashuke."

"Baba, ukifungua mama yake hatarudi," sauti ikatoka ndani.

"Na mimi nisipofika, mtaa mzima utakunywa chai tupu!"

Akashika komeo. Nikakivuta kigoda, nikaegemeza mgongo mlangoni. Na mkono wangu mwenyewe ulikuwa unaniwasha kufungua, Mungu ndiye shahidi.

"Mke wangu, si wewe uliyesema huyu komba ni balaa?"

"Ni balaa. Lakini ni balaa la mwanangu."

Akaguna, akaketi sakafuni kando yangu, eti apumzike kidogo. Mara kichwa chake kikawa kimebanana na changu juu ya simu.

"Panda kwenye tandiko," akamnong'oneza yule mtoto. "Si huko! Huko kuna breki, mjinga wewe!"

Simu ikaisha chaji.

Tukabaki gizani. Kitu kikatua darini, puu. Kisha mkwaruzo wa kucha kwenye chuma. Kile kilio chembamba kikakatika ghafla.

"Amekufa?" mume wangu akauliza.

"Nitajuaje?"

Akanishika mkono, akaubana kweli kweli. Hakuwahi kunishika hivyo tangu nilipokuwa nasikia uchungu wa huyuhuyu aliye ndani. Hatukusikia hata pumzi ya binti yetu. Nikaanza kuwaza: kama picha imemponyoka, nitamwambia nini? Kwamba kenge bado wapo?

Komeo likasogea, nikakiondoa kigoda mlangoni. Mlango ukafunguka kiasi cha kiganja, gurudumu la nyuma la baiskeli likatangulia. Mume wangu akachungulia tengani, akapitisha kidole.

"Hayumo. Lakini pamelowa."

"Umeipata?" nikamuuliza binti yangu.

Uso wake ulijaa utando wa buibui.

"Kambeba, mama. Ninayo yote, mpaka ncha ya mkia," alisema, na akausukuma mlango mpaka ukagonga ukuta.