Maziwa ya Jirani

Juzi nilikwenda kupimwa miwani Lilongwe. Daktari alimulika jicho langu la kulia, akasema nyuma yake kuna kovu la zamani, la kimelea kiitwacho toxoplasma kinachokaa kwenye kinyesi cha paka. "Mlifuga paka utotoni?" Nikacheka, rafiki yangu, kicheko kibaya. Mwaka wetu wa kwanza Dzaleka, kambi ya wakimbizi, katikati ya miaka ya tisini, paka alikuwa na hadhi kunishinda.

Bibi, Mwislamu wa mji wetu wa Kindu, alimpenda kwa dini, na pia kwa sababu ya panya waliokula mahindi yetu ya mgao. Paka alifukia haja yake kwenye tuta la lengalenga, mchicha wetu, palepale nilipopalilia kwa mikono. Bomba lilikuwa mbali na njaa haina subira, basi nilipangusa vidole kwenye kaptura nikala. Harufu ya mboga ile ikichemka ningali nayo.

Jicho lilianza kwa wekundu kidogo na vidoa vyeusi vilivyoelea kama mbu. "Maziwa ya muzazi inaponyeshaka macho," bibi alisema, akamwita jirani, mama wa Bukavu aliyekuwa na kichanga. Kila asubuhi mama yule alinilaza mapajani, akanikamulia jichoni matone mawili matatu ya uvuguvugu, huku akiimba wimbo wa kanisani kwao. Mama yangu tulimzika njiani tulipokimbia vita. Tangu hapo hakuna aliyekuwa amenipakata.

Wekundu ukapungua, bibi akamshukuru Mungu. Lakini ukungu mbele ya jicho ulizidi. Kila bibi aliponiuliza kama naona vizuri nilijibu, "Naona bien, koko."

Mwalimu wangu wa shule ndiye aliyegundua. Aliniziba jicho la kushoto akanitaka nisome ubaoni; niliona pembe za ubao, katikati hapakuwa na kitu. Hospitalini Lilongwe walinipa vidonge, wakasema tungewahi wiki chache nyuma jicho lingepona.

Tukirudi kwa basi tulipita Area 25, mtaa wa pembezoni mwa jiji. Hapo bibi akalia mbele za watu. "Ni mimi njo nilikuua jicho, mujukuu wangu." Nilitazama dirishani.

Nyumba ile imeporomoka, jirani alipelekwa nchi za mbali, na bibi amezikwa palepale kambini. Aliomba radhi kwangu mpaka siku yake ya mwisho, nami nikampa. Sikumwambia kamwe kwamba nilijua jicho linakufa, nikanyamaza ili nipakatwe tena kesho yake.