Doti ya Mwisho ya Timu Yetu

Timu yetu ilikuwa mbovu. Naanza na hilo mwenyewe ili mtu asije akanisimulia. Ilicheza daraja la chini, ikafungwa na timu za mjini, ikafungwa na timu za shamba, na mara moja ikafungwa na wauza samaki waliokuja na jezi za kuazima. Kisha ikafa. Uwanja ulijengwa maduka, wachezaji wakatawanyika, na klabu yenyewe, chumba cha chini katika nyumba moja ya Mji Mkongwe, sasa ni mapokezi ya hoteli. Vijana wa leo hawajui hata kama iliwahi kuwapo.

Sisi tunajua, maana vitu vyake tunavyo. Kwangu kuna saa ya ukutani yenye picha ya kikosi kizima, golikipa kafumba macho. Kuna kikombe chenye nembo ya timu, mkono umekatika, nacho hanywei chai mgeni wala ndugu ila mimi. Kuna jezi ya kaka yangu aliyecheza beki, kama kule kuwakimbiza watu kwa nyuma ndiko kucheza beki.

Na kuna kanga. Msimu mmoja timu ilikaribia kupanda daraja, na wanawake wa mtaa tukapata wazimu. Tulichangishana, tukaenda kwa mwenye duka Darajani, tukaagiza kanga za buluu na njano zilizoandikwa: TIMU YETU TUNAIPENDA WENYEWE. Kwetu doti ya sare haikai kwa mtu mmoja. Unaikata, kipande chako, kipande cha shoga yako, na mkitoka mmevaa, mtaa mzima unajua nani ni wa nani. Kwa hiyo zile kanga zote zilikatwa wiki ileile, nyingine vipande vyake wasichana wakaolewa navyo hadi Paje na Makunduchi.

Iliyobaki nzima ni moja tu, ya mama yangu. Yeye alikuwa agawane na shoga yake, mwanamke wa Tumbatu aliyekuwa akifua jezi za timu, ila akatia nadhiri kwamba wataikata siku timu itakapopanda. Timu haikupanda. Mama alifariki, shoga yake akahamia Fumba kwa binti yake, na doti ikabaki sandukuni mwangu na karatasi yake ya dukani. Kila nikiitoa nalia, nairudisha.

Mwaka huu akaja kijana wa ile hoteli. Mtanashati, adabu zake zote anazo, shikamoo yake ya kuinamia. Alikuwa akipita nyumba kwa nyumba kukusanya vitu vya timu ili avipange ukutani hotelini. Nilimpa chai na mihogo, nikamwonesha saa, akaicheka kidogo, nami nikamsamehe kwa sababu hata mimi huicheka. Nilipofungua sanduku akaona kanga, akaweka kikombe chini.

"Haijakatwa hii!"

"Haijakatwa."

"Mama, hii ndiyo n'nayoitafuta. Tutaitia kwenye fremu ya kioo, pale pale ilipokuwa klabu."

Nikamuuliza nani ataiona.

"Wageni. Wageni wanapenda sana vitu hivi."

"Na sisi wa mtaani?"

Akafikiri kidogo. Sidhani alikuwa na nia mbaya. "Na nyinyi mtaona. Mkija mwambieni mlinzi, atanipigia simu, mimi n'takuja kuwachukua mlangoni."

 Chumba kile mama yangu alikuwa akiingia na sinia la maandazi kichwani bila kubisha hodi. Leo kanga yake iingie kwa mlango mkubwa, na mimi mwanawe niombewe ruhusa kwa simu! Naye kijana, masikini, hakuona. Akaendelea kunishauri.

"Lakini usiikate, mama. Ikikatwa tu, haina thamani tena."

Niliinuka nikachukua mkasi kwenye mashine ya kushonea. Nikaitandaza doti juu ya mkeka, nikatafuta pale katikati mapindo mawili yanapokutana, nikaanza.

"Mama! Mama, tafadhali!" Alisimama, mikono hewani.

"Kaa unywe chai yako, inapoa. Kanga kazi yake kuvaliwa. Nyinyi mnataka timu yetu mkiwa mshaiua, iwe kimya ukutani, isinuke jasho. Sisi bado tu hai."

Mkasi ulikuwa butu, kwa hiyo sikukata vizuri. Lakini niliifikisha mwisho. Aliondoka mikono mitupu, na adabu zake bado anazo.

Nilipokwisha kupinda kwa mashine vipande vyote viwili, ndipo hofu ikaniingia. Nadhiri haikuwa yangu. Ilikuwa ya wanawake wawili, na mmoja yungali hai.

Kesho yake nilikwenda navyo Fumba. Nilimkuta yule shoga wa mama chumbani, kakaa kitandani, macho yake sasa yanaona kivuli tu. Binti yake aliniambia ana miezi hataki kutoka nje, anasema huko nje hakuna tena wa kumtazama. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, mwanangu, na nikamwekea kanga mapajani, kipande kimoja. Aliipapasa, akafika kwenye pindo jipya, vidole vikasimama.

"Ndiyo ile?"

"Ndiyo ile, mama mdogo."

"Timu imepanda?"

"Haikupanda. Timu haipo tena. Nimeikata mimi."

Nikajiandaa kugombezwa. Nilikuwa tayari hata kulia mbele ya binti yake.

"Mama yako alikuwa na ukaidi," akasema. "Nlimwambia tukate. Jezi zile nlizifua siku wakifungwa, tena siku wakifungwa ndipo zilipokuwa na tope. Hakuna aliyenambia ningoje washinde."

Akaikunjua kanga, akajitanda, akaiweka sawa mabegani kama mtu anayekwenda harusini. Kisha akamwita binti yake kwa sauti ambayo sikuitarajia.

"Nitolee kiti nje."

"Jua kali, mama."

"Nitolee. Na wewe, mwanangu, vaa chako. Watu watuone."