Bara Lisilo na Bomu, Kihenge Chenye Gobore

Baba na mama walifariki mwaka mmoja, nikiwa darasa la sita. Niliacha shule, nikabaki na wadogo zangu watatu, shamba la mahindi na gobore la baba, bunduki ya kushindilia baruti. Shamba kila mtu alilijua. Gobore nililificha ndani ya kihenge, ghala letu la ulezi. Kwetu Ufipa ulezi ni akiba ya njaa. Wadudu hawauwezi, unakaa miaka, na hakuna mgeni anayefungua kihenge cha mwenzake. Nililisimamisha, mdomo wa mtutu juu, nikamwaga ulezi mpaka likazama lote.

Niliyemwogopa alikuwa baba mdogo, ambaye shamba lake limepakana na letu. Matanga hayajaisha alikuja na jembe akasogeza mpaka, akaingia kwetu hatua nne. Nilipomfuata alisema, "Watoto wadogo ninyi, mtalifanyia nini shamba lote hili?" Wiki ile nikamwambia mkewe, kama utani, kwamba chombo cha baba bado kipo. Hakusogeza tena mpaka. Kwa miaka kumi na miwili nilimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba, kisha kila mmoja akarudi kwenye palizi yake bila kumpa mwenzake mgongo.

Mwaka jana mdogo wangu wa mwisho, aliyekuwa kidato cha tatu pale mjini Sumbawanga, alipangwa kwenye mdahalo wa shule. Alitakiwa atetee hoja kwamba maeneo yasiyo na silaha za nyuklia yanaleta usalama. Mdahalo wenyewe ungekuwa wa Kiingereza, lakini jioni moja tukipukuchua mahindi alinifanyia mazoezi kwa Kiswahili.

"Afrika nzima ni eneo moja, dada. Mkataba unasema hakuna kutengeneza bomu la nyuklia, hakuna kulipokea, hakuna kumhifadhia mgeni la kwake, wala kulijaribia hapa."

Nikacheka. "Sasa huku nani angetengeneza bomu? Sisi hata trekta tunaazima."

"Afrika Kusini walitengeneza."

"Acha uongo."

"Walitengeneza, dada. Wakayavunja wenyewe, halafu wakaita wakaguzi waje waangalie. Na kabla ya hapo, kule Sahara, wakoloni walilipua ya kwao jangwani, na watu wanaishi huko."

Gunzi lilinitoka mkononi. Mimi bomu la namna hiyo nililijua kwa kulisikia redioni, jambo la watu wa mbali wenye ugomvi wao. Kumbe lilikwisha kufika kwenye bara hili, likalipuliwa, likaundwa, likavunjwa, na mimi nikiwa mtu mzima sijui. Aliniambia kwamba Amerika ya Kusini wana mkataba wa namna hiyo, na Asia ya Kati, na visiwa vya Pasifiki. Nikahisi kama mtu anayesimuliwa habari za nyumba yake na mpita njia.

"Na hao wenye mabomu makubwa," nikamuuliza, "wataogopa karatasi?"

"Wanaombwa nao waweke sahihi kwamba hawatayatumia dhidi ya walio ndani ya eneo. Wengine wameridhia, wengine wanajivuta. Hapo ndipo wapinzani watanibana." Akaacha kupukuchua. "Lakini karatasi inasaidia kwa majirani. Jirani hawezi tena kusema, mimi ninalo kwa sababu wewe unalo. Na hawatakiwi kuaminiana kwa maneno tu, wanakaguliwa." Akaniangalia. "Si kama sisi na baba mdogo."

"Baba mdogo ana nini?"

"Ana gobore. Binti yake ananiambia kila siku. Alilitafuta aliposikia sisi tunalo."

Miaka kumi na miwili nilijiona nimewalinda wadogo zangu. Kumbe mimi ndiye niliyeleta bunduki ya pili upande wa pili wa mpaka, na watoto walikuwa wakipita katikati kwenda shule.

Mwezi huohuo mtendaji wa kata alitangaza kwamba atakayesalimisha silaha kwa hiari hatashitakiwa. Nikaenda kwa baba mdogo.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba."

"Nimekuja kwa habari ya gobore."

"Gobore gani?"

"Lako na langu."

Akatazama mlangoni kuona kama mkewe anasikia. "Tangulia wewe kulipeleka. Nitakufuata."

"Hapana. Mimi si mjinga hivyo."

"Na mimi ni mjinga?" Halafu akacheka, cheko la kukohoa. "Mtoto wa kaka huyu! Haya, kesho asubuhi. Mguu wako na wangu."

Tukaenda hivyo, kila mmoja upande wake wa njia, langu nimelifunga kwenye kitenge, lake ameliviringisha kwenye gunia. Akichelewa, nachelewa. Mwanamke mmoja aliyekutana nasi alidhani tumefiwa, akatupa pole ya msiba.

Ofisini kwa mtendaji alikuwapo askari wa makamo aliyezijua silaha hizo. Alianza na langu. Aliliinamisha, zikatoka punje chache za ulezi. Akachokonoa kwa waya, zikamwagika nyingine mezani. Waliokuwa kwenye foleni wakacheka. "Dada, umeleta bunduki au uji?"

Askari hakucheka. Aliendelea kuchokonoa mpaka waya ukagoma, akaniita karibu. "Huku chini kuna baruti, imeshindiliwa. Hapa katikati ulezi umeganda kama tofali. Ungefyatua, mtutu ungepasukia usoni kwako. Nyuma yako angekuwa nani?"

Nyuma yangu wangekuwa wadogo zangu. Nilikuwa nimeshawaambia, siku ikifika, wasimame nyuma yangu.

La baba mdogo lilikuwa safi, limepakwa mafuta, nalo lina baruti na risasi. Askari alipolitoa risasi, baba mdogo aliangalia ukuta.

Tukarudi mikono mitupu. Tulipoivuka mito midogo ya bondeni, aliuliza bila kugeuka, "Mwanangu, kweli ungenipiga?"

"Ningekupiga, baba mdogo."

Akatembea kidogo. "Na mimi."

Alilisema kwa sauti ileile ya kuitikia salamu. Nikakaa chini pembeni mwa njia, kwenye majani. Hakuniacha. Alisimama hapo, mikono nyuma, akitazama mawingu.

"Nyanyuka. Mvua inakuja. Ule mpaka tutapimiwa na mwenyekiti wa kijiji na wazee wake, si mimi na wewe peke yetu."

Sikumwamini. Nilinyanyuka hivyohivyo, tukaenda kumtafuta mwenyekiti.