Deo, Kawunyemu na Kuonja Mara Moja

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya wakili, hapa Mbarara, nilifika kutoka Kabingo na viatu vipya na mdomo usio na breki. Niliajiriwa kuwa karani: kupanga mafaili na kutafsiri kwa wateja wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Kosa langu kubwa nililifanya kabla ya chai ya saa nne.

Mteja alikuwa Deo, Mrundi, dereva wa lori la maharage. Alikuwa ametoka kumposea mdogo wake mke, na polisi walikuwa hatua chache tu kutoka kwa wakwe. Wakampulizisha kawunyemu, ile mashine inayopima pombe. Ikasoma juu. Akipatikana na hatia angenyang'anywa pamiti, yaani leseni ya udereva, na watoto wake sita walikula kwa pamiti hiyo.

"Mama, sikukunywa, nilionja tu," aliniambia. "Kwetu mwenye kuleta pombe njo anaonjaga wa kwanza, bakwe baone haina sumu. Pale pale nikapanda lori."

Kwa huruma nikamnong'oneza, "Sema hukuonja chochote."

Bosi alinisikia. "Nyabo, wewe mama, unataka kumfunga mteja wangu? Njia ya mwongo fupi! Huko kuonja ndiko utetezi wake." Akanieleza kwamba pombe ikigusa mdomo, mvuke wake hukaa humo kwa muda hata kama damu ni safi. Kwa hiyo mpimaji hungoja dakika kumi na tano, kisha hupima tena. Niliona aibu hadi masikio yakawaka.

Mahakamani bosi alimuuliza askari aliyempima Deo alingoja dakika ngapi.

"Mimi hapana ngoja," akajibu. "Gari ilikuwa mingi."

"Ulipima mara ngapi?"

"Mara moja tu."

Nilimpenda yule askari, maana angeweza kudanganya. Kisha Deo akakiri kuonja, nami nikatafsiri kwa Kiingereza kila neno bila kupunguza. Baba mkwe wa mdogo wake akathibitisha. Hakimu akamwachia, na pamiti yake ikabaki mkononi mwake.

Baadaye tulishindwa kesi nyingi za namna hiyo, na nyingine nilifurahi tukishindwa, kwani walevi wa kweli wapo barabarani.

Siku niliyostaafu Deo alikuja, kichwa kimejaa mvi, na dumu la pombe ya ndizi. Akaonja wa kwanza mbele ya ofisi nzima, kisha akanipa mrija. Nikamuuliza lori ameliegesha wapi.

"Nimekuja na basi, mama," akasema.

Nikanywa, nikalia.