Neno Alilotaka Kuniambia Mama

Siku niliyopanda kilimani kwa mama kwenda kula likizo naikumbuka, mwanangu, kama ya juzi. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nafanya kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya Mji Mkongwe. Kutwa ni kusema tu: kukaribisha wageni, kuomba radhi maji yakikatika, kucheka hata pale ambapo huna kicheko. Nilipopata siku saba za mapumziko sikutaka pwani wala harusi ya mtu. Nilitaka kwetu, ukingoni mwa msitu wa Masingini, nilime bustani na mama yangu, nisisikie kitu ila ndege.

Mama alikuwa akiishi peke yake tangu baba alipofariki. Alinipokea mlangoni, akanitazama sana, akasema, "Afadhali umekuja, Rukia. Nna neno nataka kukwambia."

Nikamkatiza. "Mama, nakuomba. Nshachoka na maneno. Wiki hii usinipe habari za maradhi, wala ugomvi wa mipaka ya shamba, wala nani kaachwa na nani. Tulime tu."

Akatabasamu. "Haya, mama. Tulime."

Na kweli tukalima. Tulitifua matuta ya mchicha na bilingani, tukachimba mashimo ya migomba, tukazoa majani makavu msituni tukayatandaza juu ya udongo. Kima wakishuka kuja kuiba ndizi, mama huwagombeza kama anagombeza wajukuu. Mchana tulikula mhogo wa nazi. Alasiri tulikaa barazani na chai ya mchaichai, hapana anayesema. Mwili wangu ulipata raha ambayo sijaipata tena.

Siku ya tatu niliona mama anapalilia kwa mkono wa kushoto. Wa kulia kaubana ubavuni.

"Mkono una nini?"

"Nimeulalia vibaya."

Nikarudi kwenye tuta langu. Hapo ndipo panaponiuma, mwanangu. Si kwamba sikuona. Niliona, na jibu lake likanifaa kwa kuwa lilikuwa fupi.

Siku ya kuondoka alinisindikiza mpaka barabarani, akanishika mkono kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. "Umepumzika?" akaniuliza. Nikamwambia nimepumzika. "Alhamdulillahi," akasema, akageuka kurudi nyumbani.

Haikutimia miezi minne, jirani yake, Bi Mwanaisha, akanifuata hotelini. Alisimama mbele ya meza yangu, pindo la buibui lake limeshika udongo mwekundu wa kule kwetu. Nikamwamkia, "Shikamoo, Bi Mwanaisha." Hakuitikia.

"Mama yako ana uvimbe kwenye ziwa, na sasa ushafanya kidonda. Alikuwa akikungoja wewe umpeleke hospitali, anaona haya kwenda peke yake. Kila nikimwambia akuite, hunambia, mwanangu kaniomba nisimpe habari za maradhi, mwache apumzike."

"Mbona hakunambia mwenyewe?"

"Wewe ulimwachia wapi pa kukwambia?"

Aliyasema hayo kwa upole, na ule upole ndio ulionivunja. Wageni walikuwa wamesimama na mizigo yao, nami nalia mbele yao kama mtoto.

Nilimpeleka mama hospitali siku ileile. Daktari alimpima, akaniita pembeni, akasema lau angefika mapema pengine wangekuwa na la kufanya. Nikaacha kazi nikamuuguza. Nilipomwomba radhi alinifuta machozi kwa ncha ya kanga yake. "Sina kinyongo nawe," akasema. "Zile siku saba nilifurahi, Rukia. Sikutaka kukuharibia." Alisema hivyo ili anipoze. Mpaka leo sijapoa. Akafariki kabla ya masika kuanza, na bustani ile nikashindwa hata kuitazama. Nikamwachia Bi Mwanaisha avune kilichokuwamo.

Sikuhadithii haya unionee huruma, mwanangu. Mimi nshazeeka nayo. Nakuhadithia kwa sababu nawe una kazi ya kukuchosha, na una wazee wanaokungoja. Kwenda kwao kupumzika si vibaya, hata wao hupenda. Lakini mzee akikwambia ana neno, keti palepale umsikilize, uchovu wako utakungoja. Na ukimwona anabana mkono, au anaacha chakula, akakwambia si kitu, usiridhike. Uliza tena kesho yake, na kesho kutwa, hata akukasirikie. Wazazi wetu ni hodari wa kutuficha maumivu yao, nasi tunapotaka raha zetu huwa wepesi mno wa kuwaamini.

Nenda, mwanangu. Mola akuhifadhie wazee wako, akupe moyo wa kukaa nao bila haraka, na siku watakapokuita kwa sauti ya chini akujaalie uwe karibu uisikie. Amin.